Gorila wa Tanganyika

Mwaka 1949 kampuni ya RKO ya Marekani ilitoa filamu iitwayo Mighty Joe Young, na filamu hiyo inaanzia Tanganyika. Mtazamaji anaonyeshwa shamba la mlowezi mmoja, binti yake mdogo aitwaye Jill, na Waafrika wawili wanaopita njia wakiwa na gorila mchanga. Binti anawapa vikorokoro vyake na tochi ya baba yake, nao wanamwachia mnyama. Miaka inapita, gorila anakua hadi kufikia kimo cha kutisha, kisha anatokea mfanyabiashara wa starehe kutoka Marekani, na Joe pamoja na mlezi wake wanasafirishwa hadi Hollywood kwenda kuwaburudisha walevi ukumbini.

Msomaji wa Tanzania ana haki ya kucheka tangu mwanzo. Kwetu hakuna gorila. Tunao sokwe wa Gombe na Mahale. Gorila ni wa Uganda, Rwanda, Kongo na misitu ya magharibi zaidi. Hata hivyo sikuishika kalamu ili kuwasahihisha somo la jiografia watu ambao wengi wao wamekwisha kufariki. Kilichonishughulisha ni swali jingine: katika picha hizi, ni nani hupewa uhai na nani hunyimwa, na uhai huo hutoka wapi? Wanafunzi wangu wa sayansi ya siasa huniuliza kwa nini mtu aliyehangaika miaka mingi kutafuta shahada ya uzamivu anapoteza jioni zake akitazama wanasesere wa mpira. Jibu langu ni refu, na wasomaji wa safu hii wamekwisha kunizoea.

Nianze na ufundi, kwa maana bila kuuelewa ufundi hoja yote haina miguu. Joe alikuwa mwanasesere ambaye kimo chake hakikufika goti la mtu mzima. Ndani yake mlikuwa na kiunzi cha chuma chenye viungo vya gololi, vinavyobaki palepale vinapowekwa. Juu ya kiunzi misuli ya mpira, na juu ya misuli ngozi na manyoya. Fundi humweka mezani na kupiga picha moja. Kisha husogeza bega kwa kiasi cha unene wa ukucha, husogeza kichwa, husogeza kidole kimoja, hurudi nyuma na kupiga picha nyingine. Sekunde moja ya sinema hula picha 24. Akikosea katika picha ya ishirini hakuna kufuta: ama anaanza upya, ama kosa lake litatazamwa na dunia nzima kwa miaka mia.

Mkuu wa kazi alikuwa Willis O'Brien, ambaye mwaka 1925 aliwatengeneza mijusi wakubwa wa The Lost World, na mwaka 1933 akamtengeneza King Kong. Lakini sehemu kubwa ya kusogeza viungo vya Joe ilifanywa na msaidizi wake, kijana aitwaye Ray Harryhausen, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1920. Alipokuwa hajatimiza umri wa miaka 13 kijana huyu alikwenda kumtazama Kong, na tangu siku hiyo hakuwa tena na shughuli nyingine maishani. Baba yake, fundi wa mashine, alimchongea viunzi vya chuma. Mama yake alimshonea nguo za wanasesere. Filamu ya Joe ilipata tuzo ya Oscar ya mbinu maalumu.

Mtazame Joe baada ya wiki nyingi za kuonyeshwa ukumbini. Amerudishwa kizuizini, ameketi, mabega yameshuka. Hafanyi jambo lolote la kusaidia hadithi isonge mbele. Yule fundi angeweza kumwacha vivyo hivyo kama jiwe na kujiokolea siku kadhaa za kazi. Hakumwacha. Alimtia uchovu, picha moja baada ya nyingine. Kiswahili chetu kina neno stahiki kwa kazi hii: uhuishaji, kutokana na kuhuisha, yaani kutia uhai. Uhai wa Joe haukutokana na kimo chake wala meno yake. Ulitokana na saa ambazo mtu mmoja alikubali kuzitumia kwa ajili ya bega lake.

Sasa tazama upande wa pili. Wale Waafrika wawili wanaomleta gorila wana kazi moja tu, nayo ni kumkabidhi na kutoweka. Hatujui walikotoka wala walikokwenda, wala walivyompata mnyama yule. Tanganyika yenyewe ni pazia lililochorwa nyuma ya shamba la mzungu.

Na Tanganyika ya kweli, mwaka huohuo, ilikuwa na mambo! Kongwa, Urambo na Nachingwea serikali ya Uingereza ilikuwa ikifyeka mapori ili kulima karanga, kwa matrekta ambayo baadhi yake yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kazi. Mpango ule ulianza mwaka 1947, ukaachwa mwaka 1951, na ukawagharimu walipa kodi wa Uingereza takriban pauni milioni 36. (Jina la Kongwa halihusiani kabisa na Kong, ingawa wote wawili waliangukia pua.) Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mwishoni mwa mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka uliofuata walichanga fedha zao wenyewe wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York kuieleza kesi yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudi na ardhi, lakini alirudi na jambo ambalo utawala haukuwa umelipangia bajeti: nchi nzima ilikuwa imesikia.

Huwa nawaambia wanafunzi wapange tarehe hizi mbili mezani. Mwaka 1949, Mtanganyika aliyepelekwa Marekani na kutazamwa na maelfu kwa huruma na machozi alikuwa gorila wa mpira. Mwaka 1952 alikwenda mtu, mwenye jina, mwenye hoja, akitaka asikilizwe. Nani kati ya wawili hao alipata muda mrefu zaidi mbele ya macho ya Wamarekani? Sihitaji kuwajibu.

Msomaji mmoja ataniambia kwamba naonea sinema ya burudani kwa kuipima na mizani ya siasa. Basi turudi nyuma hadi King Kong, ambako mizani hiyo hujileta yenyewe. Kong alitengenezwa na Marcel Delgado, akavikwa manyoya ya sungura, na ukitazama kwa makini utaona manyoya hayo yanacheza kama nyasi katika upepo. Si upepo. Ni vidole vya fundi: kila alipomshika mwanasesere kumsogeza aliyavuruga manyoya, na kamera ikayanasa mavurugo hayo. Kwa hiyo katika kila picha ya Kong mna alama za mkono wa binadamu aliyemgusa. Nikiona manyoya yale yakitetemeka hupatwa na hisia ambayo filamu za leo, zenye fedha mara elfu, hazinipi.

Katika filamu hiyohiyo kuna kisiwa chenye watu weusi. Wanapiga ngoma, wanacheza, wanaiba mwanamke mweupe, wanakanyagwa. Mtemi wao aliigizwa na Noble Johnson. Jina hili lapaswa kujulikana zaidi kwetu. Mwaka 1916 Johnson alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Lincoln Motion Picture Company, mojawapo ya kampuni za mwanzo kabisa za filamu kumilikiwa na Wamarekani weusi, na alikuwa rais wake. Kampuni ile ilinuia kuwaonyesha watu weusi wakiwa wahandisi, askari, wachumba, watu wenye akiba na mipango. Haikudumu, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Na miaka michache baadaye mtu yuleyule aliyetaka kuwapa watu wake uhai katika picha anasimama mbele ya kamera akiwa na manyoya kichwani na kupiga kelele katika lugha iliyobuniwa.

Fikiri juu ya mgawanyo ule wa kazi. Kwa ajili ya uso wa Kong, mafundi walishauriana jinsi nyusi zitakavyopanda na mdomo utakavyokunjuka. Anapopigwa risasi juu ya lile jengo refu la New York anajigusa kifua, anatazama damu kidoleni kama asiyeelewa. Mtazamaji anamlilia. Kwa ajili ya uso wa Johnson zilitosha rangi na mkufu. Sisemi kwamba O'Brien alikuwa mtu mbaya. Nina hakika hakuwahi hata kuliwaza jambo hili, na hapo ndipo tatizo lilipo. Ukatili mwingi wa kihistoria haukufanywa na watu waliochukia. Ulifanywa na watu waliokuwa na umakini mkubwa, wakaamua bila kuamua ni wapi wautumie.

Harryhausen alipoanza kufanya kazi peke yake alikuwa na bajeti ndogo, na ubahili wa wazalishaji ulimfundisha mengi. Pweza wake wa mwaka 1955 ana mikono sita kwa kuwa ya saba na ya nane ingeongeza gharama. Halafu, mwaka 1958, ikaja The 7th Voyage of Sinbad, na hapa mimi mwenyewe naingia katika habari.

Nilikulia Tanga. Wadogo zangu wa siku hizi hawaamini nikiwaambia kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilhali sisi wa bara tulingoja hadi mwaka 1994. Katika pengo hilo yalikuwepo mabanda ya video: mabati, mabenchi, mashine moja, na mwenye banda aliyeketi mlangoni na kopo la sarafu. Kanda zilikuwa zimenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba bahari ya Sinbad ilikuwa ya kijivu na jua lake la zambarau. Nyuma, karibu na ukuta, waliketi wazee wawili watatu waliowahi kusafiri kwa majahazi. Kuhusu lile zimwi lenye jicho moja na miguu ya mbuzi hawakuwa na pingamizi. Walichokataa ni tanga. “Hilo halishiki upepo hivyo,” alisema mmoja wao kwa dharau, na wote wakaafiki. Kuhusu ndege rukh walinyamaza kwa heshima.

Walikuwa na sababu ya kunyamaza. Hekaya za Sinbad ni za bahari yetu. Walizisimulia mabaharia wa Basra, Siraf, Oman na pwani hii, waliokwenda na kurudi kwa kusi na kaskazi. Marco Polo aliandika kwamba rukh yupo kuelekea Madagaska, naye hakufika huko; aliyapokea maneno kwa wasafiri. Na kweli Madagaska palikuwa na ndege mkubwa asiyeruka, mwenye kimo cha mita tatu hivi, ambaye mayai yake yalizidi urefu wa sentimita 30. Ametoweka, lakini mayai bado huokotwa. Jahazi likirudi bandarini na gamba kama lile, msimulizi hahitaji kuongeza mengi. Kwa hiyo mnyama yule wa mezani mwa Harryhausen, kifaranga mwenye vichwa viwili anayetoka katika yai na manyoya yake mepesi, ana ujomba na pwani yetu hata kama filamu ilipigwa Hispania na Sinbad mwenyewe alikuwa Mmarekani aitwaye Kerwin Mathews. Sikumlaumu Mathews wala simlaumu leo. Ninachokitambua sasa ni kwamba hakuna mtu hata mmoja bandani aliyejitambua katika mabaharia wale. Sote tulikuwa upande wa zimwi. Lilipochomwa jicho na kuyumba kuelekea ukingoni mwa jabali, likipapasa hewa, watoto wa Tanga walisikitika kwa sauti.

Kuna sababu ya kiufundi ya masikitiko yale. Harryhausen aliwapa viumbe wake mauti marefu. Talos, jitu la shaba katika Jason and the Argonauts ya mwaka 1963, ndiye mfano ninaoupenda. Anafufuka kutoka juu ya kitako chake, shingo ikigeuka kwa mlio wa chuma, na kuwafukuza mabaharia wa Kiyunani kwa sababu mmoja wao ameiba. Kumbuka: wameiba wao. Jason anafungua kizibo kisiginoni, majimaji ya uhai yanabubujika mchangani, na jitu linajishika koo kama mtu anayekosa pumzi. Ni sanamu ya shaba. Halikuwa na mapafu. Fundi alijua hivyo vizuri kuliko sisi. Hata ukavu wa mwendo wake ulikuwa wa kukusudia, kwani mtu wa shaba hatembei kama paka. Kisha nyufa zinaanza mwilini, na anaanguka.

Mwishoni mwa filamu hiyo wanakuja wale ambao kila mpenzi wa sinema huwataja: mifupa saba inayochipuka ardhini kutoka katika meno ya Hydra na kupigana kwa panga na watu watatu. Mmoja kati ya saba hao alikuwa amekwisha kupigana na Sinbad miaka mitano kabla. Alipakwa rangi na kurudishwa kazini, kama mstaafu anayepewa mkataba. Utaratibu ulikuwa hivi. Kwanza waigizaji walifanya mazoezi na watu wa kweli, kisha wale watu wakaondolewa na waigizaji wakapigana na hewa mbele ya kamera, wakikumbuka ni wapi panga halipo. Picha hizo zilitupwa kutokea nyuma juu ya skrini ndogo katika chumba cha fundi, picha moja moja. Mbele ya skrini kulikuwa na meza yenye mifupa. Mbele ya meza, kioo chenye sehemu iliyopakwa rangi nyeusi ili kuiziba ardhi, ambayo baadaye ilirudishwa kwa kuupitisha mkanda mara ya pili. Kila kiunzi kina kichwa, mikono miwili na miguu miwili. Viunzi saba ni viungo 35 vya kukumbuka kwa kila picha, na kila panga likutane na panga la mtu aliyekwisha kwenda zake nyumbani miezi kadhaa iliyopita. Siku nyingine alimaliza picha 13. Hiyo ni nusu sekunde na kidogo. Kazi ile ilimchukua takriban miezi minne na nusu, peke yake, mlango umefungwa.

Wataalamu wa leo husema mwendo ule una mshtuko, kwa kuwa kila picha ni kali na haina ukungu unaoachwa na kitu kinachosogea kweli. Ni sahihi. Harryhausen mwenyewe alishikilia kwamba ukweli uliokithiri huiua ndoto, nami nakubaliana naye, ingawa najua kwamba fundi yeyote huitetea dosari ya chombo chake. Filamu yake ya mwisho kubwa, Clash of the Titans, ilitoka mwaka 1981. Mwaka 1993 kompyuta ilichukua kazi ile katika Jurassic Park. Phil Tippett, aliyekuwa ameajiriwa kuwasogeza wale mijusi kwa mikono, aliambiwa mashine itafanya. Lakini hawakumwacha aondoke, kwa sababu mashine haikujua mnyama hutua uzito wake vipi. Ikabidi kitengenezwe kiunzi cha chuma chenye vihisio, mafundi wa zamani wakisogeze kwa vidole kama walivyozoea, na kompyuta iandike walichofanya. Wahitimu wangu wanaoamini kwamba programu zitawaandikia tasnifu na wao wabaki na cheti huwa hawaifurahii hadithi hii.

Sasa niruhusuni nitoke kwenye sinema, kwa kuwa wengi wenu mnaonisoma mmeketi katika ofisi za umma.

Mama yangu alifundisha shule ya msingi kwa miaka zaidi ya 30. Alipostaafu alikwenda kufuatilia mafao yake katika ofisi ambayo sitaitaja, akaambiwa jalada halina barua ya kuthibitishwa kazini, na pasipo barua hiyo miaka yake ya mwanzo haihesabiki. Alikwenda mara nyingi. Alivaa vizuri kila mara, gauni la kitenge na viatu vya kufunga, kama anayekwenda kusahihisha mitihani. Aliambiwa njoo wiki ijayo. Aliambiwa mhusika yuko semina. Aliambiwa na kijana ambaye hakuinua macho kwamba labda barua hiyo haikuwahi kuwepo. Mama ni mtu wa maneno machache. Siku ile aliniambia tu, “Mwanangu, leo nimeongea na kisogo.”

Aliyelimaliza jambo alikuwa karani wa masijala, kijana wa cheo cha chini kabisa katika jengo lile. Alimwamkia, akamketisha, akalichukua jalada na kuanza kulipekua folio kwa folio. Namba 38, 39, 40, kisha 42. Hakusema kwamba karatasi haipo. Alijiuliza imekwenda wapi. Akaomba majalada ya walimu wengine wenye jina kama la mama, akayapitia yote kwa mtindo uleule, akilowesha kidole, mchana mzima. Folio 41 ilikuwa katika jalada la mwanamke mwingine ambaye naye, bila kujua, alikuwa na ushahidi wa kuthibitishwa mara mbili.

Nilikuwa nimemsindikiza mama, nimeketi kwenye benchi la korido, na kwa muda wote ule nilikuwa nikimtazama mtu akifanya kazi ya Harryhausen. Sikuwaza hivyo kwa mzaha. Katika vyumba vyote tulivyopita mama alikuwa sehemu ya pazia la nyuma, kama wale Waafrika wawili wa mwanzo wa filamu. Akabidhi kisha atoweke. Katika masijala alipewa muda wa kuwa mtu. Tunaandika mikataba ya huduma kwa mteja, tunaibandika ukutani kwa herufi kubwa, tunaunda mifumo ya kielektroniki, na mimi siipingi mifumo. Lakini mfumo nao utahitaji mtu wa kujiuliza kwa nini 42 inafuata 40. Karani yule, nilivyoambiwa baadaye, hakuwa amepandishwa daraja kwa miaka kadhaa. Walioongea na mama kwa visogo walikuwa wamepandishwa.

Harryhausen alihamia London na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 2013. Mkewe, Diana Livingstone Bruce, alikuwa wa ukoo wa David Livingstone, na kutokana na ujamaa huo yule mzee alifanya kazi moja ambayo haihusiani na sinema. Alibuni sanamu ya shaba inayomwonyesha Livingstone akishambuliwa na simba, na tangu mwaka 2004 imesimama Blantyre, Uskoti, alikozaliwa mmisionari huyo. Nimeiona kwa picha tu. Simba ni wa Harryhausen mtupu: uzito wote umo hewani, mguu uko mahali ambapo mguu wa mnyama wa kweli ungekuwa nusu sekunde kabla ya kuua.

Tukio lenyewe lilitokea Mabotsa, kusini mwa Afrika, mwaka 1844. Simba alimvunja Livingstone mkono wa kushoto karibu na bega. Aliyemnusuru, kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, alikuwa mwalimu wa Kiafrika aitwaye Mebalwe, ambaye aliinua bunduki. Haikulipuka, na simba akamwacha mmisionari na kumrukia yeye, akamng'ata paja. Mtu mwingine aliyekuja na mkuki aling'atwa bega. Mfupa ule uliounga vibaya ndio uliotumika London mwaka 1874 kuthibitisha kwamba maiti iliyofika ilikuwa ya Livingstone, baada ya akina Chuma na Susi kuibeba kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi mingi. Kwenye mazishi hawakuwepo. Aliyesafirishwa na jeneza alikuwa Jacob Wainwright peke yake, na wao walifika Uingereza baadaye.

Muhula huu nimepanga kuwaonyesha wanafunzi dakika 20 za mwanzo za Mighty Joe Young, na mara tu baada ya hapo tutasoma pamoja malalamiko ya Wameru yaliyopelekwa Umoja wa Mataifa, aya kwa aya. Wasio wanafunzi wangu wanakaribishwa pia. Ni Jumatano saa kumi jioni. Chumba ni kidogo na projekta ni ya kuazima, kwa hiyo wafike mapema.